Mabati ya mjane

Machi 1994 nilikuwa kidato cha tatu, nikiishi na wazazi wangu kwenye kota za reli, Tororo, mashariki mwa Uganda. Tarehe 28 watu wangepiga kura kuchagua wajumbe wa Bunge la Katiba. Siku hizo mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake peke yake: wote walikaa jukwaa moja, kila mmoja akapewa dakika zake, kisha wananchi wakauliza. Utaratibu ule ulikuja kuachwa, na mpaka leo kuachwa kwake kunaniuma.

Mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa la siku hizo, alikuja kwetu asubuhi na mapema kumwomba baba mtoto wa kutafsiri. Kwenye kota tulikuwa Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu na wengine walioletwa na kazi ya reli, na pale bombani sote tulisemezana kwa Kiswahili. Najua Kampala wengi walikisikia wakakumbuka askari na vizuizi vya barabarani. Kwetu kilikuwa lugha ya kuombana chumvi.

Mgombea wa kwanza alikuwa msomi, akasema Kiingereza kitupu, macho kwenye karatasi. Akitaja mgawanyo wa madaraka, mimi nasema, "Serikali isishike kila kitu kwa mkono mmoja." Alipofika kwenye mamlaka ya mahakama nikakwama. Watu walikuwa wananitazama mimi, yeye wamemsahau.

Wa pili, mfanyabiashara, hakunihitaji. Kiswahili kilimtiririka. Aliwaita kina mama kwa majina ya watoto wao, akamtania mzee mmoja wa karakana, uwanja mzima ukacheka. Redioni tulizoea kumsikia Rais Museveni akieleza siasa kwa mifano ya ng'ombe, na huyu naye alikuwa na kipaji hicho. Kama ningekuwa na umri wa kupiga kura, angekuwa ameshaipata yangu.

Ndipo akasimama mama mmoja mjane.

"Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja wakang'oa mabati ya nyumba. Hiyo katiba yenu itasema nini?"

Mfanyabiashara aliruka juu. "Mama, haba na haba hujaza kibaba! Nipeni kura, mabati yatakuja mpaka mkose pa kuyaweka!" Watu wakapiga makofi. Yule mama hakukaa. Alibaki amesimama, mkono umeshika fundo la leso, akimtazama msomi.

Katiba ilipotangazwa Oktoba 1995, niliitafuta ibara ya 31. Inalitaka Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane kurithi mali ya waume zao. Siwezi kusema neno hilo lilitoka Tororo. Wajane walionyang'anywa walikuwa kila wilaya. Lakini kila nikiisoma nauona mkono ule na lile fundo.

Siku ile uwanjani, msomi aliniomba nirudie swali, kisha nirudie tena, taratibu. Akaiacha karatasi yake mezani, akashuka jukwaani, akavuta benchi la watoto na kuketi mbele ya yule mama.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili ambacho hatukujua anacho, "mimi hapana jua jibu. Wewe sema, mimi andika."

Uwanja ulitulia. Mama akaanza kueleza: mabati 18, mlango wa mbao, cherehani. Msomi anaandika, anauliza, anaandika. Nilifungua mdomo nitafsiri neno "cherehani", nikaona hakuna anayenisubiri, nikaenda kukaa na wenzangu chini ya mwembe.