Majani ya Maryland na ratiba ya lori

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi magrupu ya WhatsApp yanajaa picha, watu wamesimama chini ya miti myekundu na ya njano, skafu shingoni, maneno ya chini ni mashallah maumbile ya Mungu haya, na walioko nyumbani wanajibu wenzetu mnafaidi. Panapendeza kweli, sikatai. Ila waangalie vizuri wanaopiga hizo picha ni kina nani, wengi wao wanakaa apatimenti. Mwenye nyumba yenye miti uwanjani hana muda wa picha, yeye anaangalia juu kujua yamebaki mangapi.

Mi nakaa Silver Spring, kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, pembeni tu ya Washington DC. Mitaa yetu ni ya zamani, miti mingine ilikuwepo kabla ya nyumba zenyewe, kwa hiyo ukinunua nyumba huku umenunua na miti yake na majani yake na hakuna wakala atakayekuambia hilo siku ya kukuonyesha jiko jipya. Kwetu nyuma kuna mialoni, mbele kuna mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na kuna mti wa tulipu mrefuuu wa jirani ambao kwa karatasi ni wake yeye lakini majani yake hayasomi karatasi.

Kwa ambao hawajaona, sio ukame unaofanya miti ya huku ipukutike. Ni siku kufupika na baridi kuanza. Mti unavunjavunja ile rangi ya kijani, klorofili, unavuta chakula chake na kukirudisha ndani ya matawi na mizizi, na hapo ndo rangi nyingine zinaonekana. Ile njano ilikuwepo muda wote imefunikwa tu, ile nyekundu ndo mti unaitengeneza dakika za mwisho. Halafu pale kwenye kikonyo mti unajikata wenyewe, unaweka tabaka la kuziba kidonda, jani linabaki linaning'inia linasubiri upepo. Sie tuliokulia Tanga hatukuwa wageni wa hili, mkungu nao unageuka mwekundu kabla haujapukutisha. Tofauti ni kwamba chini ya mkungu unapitisha ufagio wa chelewa asubuhi, unarundika pembeni, unachoma, unaenda kunywa chai.

Hiyo ya kuchoma ndo mama yangu aliniuliza kwenye video call. Nimesimama nje na reki mkononi akasema, "Mwanangu, hayo majani yamekukosea nini? Si uyachome?" Nikamwambia mama huku kuchoma majani uani ni marufuku, moshi ukitoka tu jirani keshapiga simu zimamoto. Akawaza. "Haya basi tafuta kijana umpe hela afagie." Nikamtajia bei ya kijana wa huku kwa kutwa moja. Akakaa kimya kidogo. "Fagia mwanangu. Mazoezi nayo."

Sasa mfumo wenyewe uko hivi, naeleza kwa sababu kuna watu wamenunua nyumba mwaka huu na wananitumia meseji. Kama uko sehemu ya kusini ya kaunti, huku kwetu kwenye miti mingi, kuna eneo maalumu ambalo magari ya kaunti yanapita kunyonya majani, kuanzia kama mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mpaka ndani ya mwezi wa kumi na mbili. Kila mtaa unapitiwa mara mbili. Kabla hawajaja wanachomeka vibao mtaani vya kukujulisha, na unaweza kuangalia ramani mtandaoni uone wamefika wapi. Takoma Park na Rockville wana utaratibu wao wenyewe, usichanganye. Na sio bure jamani, nasikia watu wanasema serikali ya huku inatoa bure, hapana, ile hela imo kwenye bili yako ya kodi ya nyumba, iangalie utaiona. Ushalipa, kwa hiyo itumie.

Kazi yako ni kuyatoa uani na kuyafikisha ukingoni. Ukingoni maana yake kwenye nyasi pale mwisho kabla ya lami, sio kwenye lami. Hapa ndo wengi wetu tunakosana na majirani. Mtu anasukuma majani yote barabarani anaona amemaliza, na kweli inaonekana kama ndo akili ya kawaida kwa sababu gari litapita barabarani. Lakini mvua ikinyesha usiku yale majani yanakwenda kuziba tundu la mtaro, asubuhi maji yamejaa kona nzima, na ambayo hayakuziba yameingia ndani. Mitaro ya huku kwetu ya maji ya mvua haiendi kwenye mtambo wa kusafisha, inakwenda moja kwa moja mtoni, kwetu ni Sligo Creek, ikitoka hapo ni Anacostia, halafu Potomac, halafu ghuba ya Chesapeake wanakovua kaa wale maarufu wa Maryland. Majani yaliyolowa yanatoa fosforasi kama vile majani ya chai yanavyotoa rangi, na fosforasi ndo chakula cha ule ukijani unaoota juu ya maji. Kuna utafiti wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, uliofanyika Madison kule Wisconsin ukatoka 2016, waligundua mtaa ukiondolewa majani barabarani kabla ya mvua, fosforasi inayoingia kwenye mitaro wakati wa msimu huu wa kupukutika inapungua kwa asilimia 84. Asilimia 84! Kwa kufagia tu. Nilivyosoma hiyo niliacha kumnung'unikia mume wangu anavyorudi kukusanya yale machache yaliyoruka yakaenda lamini.

Tena kuna jambo la watoto, hili sitanii. Rundo la majani kila mtoto anataka kulirukia, wafanye hivyo uani, nyuma ya nyumba, sio lile rundo la ukingoni. Oregon mwaka 2013 watoto wawili, dada wa kambo, waligongwa ndani ya rundo la majani wakafa, dereva alipita juu yake hakujua kuna watu. Wangu nimewaambia rundo la mbele ni la lori. Na gari pia usipaki juu ya majani makavu, vyuma vya chini vya gari vinapata moto mkali na majani yanashika.

Lori lenyewe ni burudani. Linakuja na trela na bomba nene linaloning'inia, jamaa mmoja analishika analizungusha huku na huku, wengine wenye reki wanasukumia, majani yanapotea kwa kishindo yakitoka upande wa pili yamesagika, vumbi la kahawia mtaa mzima. Rundo lililonichukua wikiendi linaisha nikiwa bado natafuta simu nirekodi. Wakishaondoka nyasi pale chini unakuta zimekuwa za njano na zimelala, zina joto kidogo, na minyoo inakimbilia chini. Kitu ambacho hawataki ni matawi, mawe, na takataka nyingine, vinaharibu mashine, kwa hiyo ukiwa na tabia ya kufagia na kila kitu kilichoko uani acha, matawi yana siku yake.

Sasa siri ambayo hawakuambii kwenye kibao: jua mti wako. Mti wa tulipu na huo wa Kanada wanamwaga mapema, wanabaki mifupa kabla ya mwaloni. Mwaloni una kiburi, unashikilia majani yake ya kahawia mpaka Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, inapita, mingine michanga inayashikilia mpaka masika. Ukiwa na mialoni ukahangaika kusafisha uwanja mzima kwa ajili ya lori la kwanza, lori likiondoka Jumanne, Alhamisi upepo unapiga uwanja unarudi vilevile, unakaa unalia. Sisi lori la kwanza tunatoa ya mbele tu. Nguvu zote tunaweka kwa lori la pili. Jirani yetu mwenye nyasi kama za uwanja wa gofu yeye anafagia kila siku mpaka nimeshamzoea, nadhani ndo sala yake.

Na nguvu zenyewe ziko wapi? Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja saa zinarudishwa nyuma, kuanzia hapo saa kumi na moja jioni giza limeingia. Mi natoka shift ya mchana kwenye nyumba ya wazee nafika nyumbani usiku. Kwa hiyo ni Jumamosi na Jumapili tu, na Jumamosi yenyewe kuna sherehe ya mtu, baby shower ya mtu, msiba wa mtu Baltimore. Mvua ikinyesha Ijumaa umekwisha, majani yaliyolowa yanashikana na uzito wake ni mara kadhaa ya makavu. Kitu kilichotuokoa ni turubai. Tandaza turubai, vutia majani juu yake kwa reki pana, wawili mshike pembe mburute mpaka ukingoni mmwage. Achana na kubeba kwenye ndoo. Vaa glavu, vaa suruali ndefu uingize ndani ya soksi, kwa sababu kupe wale wa kulungu bado wako macho mwezi wa kumi na moja na wanapenda sana kwenye majani, na ugonjwa wa Lyme wanaouambukiza sio wa kuchezea. Jikague ukiingia ndani, kagua na watoto.

Najua kuna atakayesema si ununue blowa, ile mashine ya kupuliza majani. Sawa, lakini za petroli zimepigwa marufuku kwenye kaunti yetu, kuuza tangu Julai 2024 na kutumia tangu Julai 2025, DC wao walishaanza tangu Januari 2022. Ni za umeme tu sasa. Vijana wetu wenye vibiashara vya kutunza nyasi walilia sana kwa sababu betri ni ghali na inaisha katikati ya uwanja wa mteja, nawaelewa, lakini nami nililala mchana baada ya shift za usiku miaka mingi nikiwa nasikia zile mashine, siwezi kusema uongo, nilifurahi.

Halafu kuna swali kama kuna haja ya kuyaondoa yote. Mwanzo niliona jani lililolala chini ni aibu, ndivyo tulivyolelewa, uwanja usiofagiwa watu wanajua ndani hakuna mwanamke. Lakini kuna bibi mmoja wa Kizungu hapa mtaani, mwalimu mstaafu, yeye hafagii nyuma kabisa, anasukumia majani chini ya maua na chini ya miti anaacha hapohapo. Nilidhani ni uzee. Kumbe vimulimuli wale wanaowafurahisha watoto wetu mwezi wa sita, wanaanza maisha yao kama mabuu ndani ya majani yaliyooza na udongo wenye unyevu, ukiyanyonya yote umewanyonya na wao. Siku hizi nasi ya nyuma tunapitisha juu yake mashine ya kukata nyasi, yanasagika vipande vidogo, yanabaki pale yanakuwa mbolea. Nyasi haifi yakisagika vizuri, inakufa yakilala mazima mazima tabaka nene halafu theluji ikaja juu. Mume wangu ndo amelipenda zaidi hili wazo, sijui ni kwa ajili ya vimulimuli au kwa ajili ya mpira wa Jumapili.

Yale yanayobebwa na lori yanapelekwa Dickerson, juu huko karibu na mto, kaunti ina sehemu ya kuyaozesha, yanageuka mboji inayouzwa madukani kwenye mifuko kwa jina la Leafgro. Yaani mwezi wa kumi na moja nayaburuta kwa turubai niyatoe kwangu, mwezi wa nne niko foleni nayanunua nipandie mchicha na matembele. Lakini ni mbolea nzuri, matembele yangu waulizeni waliokula.

Kwa nyie mlioko nje ya eneo la lori, Germantown huko na Clarksburg na kwingineko, nyie ni mifuko ya karatasi, ile mirefu ya kahawia inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, au pipa lako, unatoa siku yao ya taka za bustani. Plastiki hawachukui, usijaribu, utaikuta pale pale jioni. Mifuko itoeni asubuhi yenyewe kama utabiri unasema mvua usiku, kwa sababu karatasi ikilowa unanyanyua juu na chini inabaki. Na shindilieni kwa mguu, unaokoa mifuko mingi. Mwenye turubai la kuazimisha Wheaton aniandikie inbox, la kwetu limechanika pembeni na mwaloni bado haujaanza.