Wewe Utaingia wa Mwisho

Gego lilinianza usiku, mwaka 2009, nikiwa bado naishi Mwanza. Kufika asubuhi shavu limevimba. Nimesukutua maji ya chumvi, nimebana karafuu, nimemeza Panadol, wapi. Nikapanda daladala mpaka kliniki moja ya binafsi katikati ya mji, iliyosifiwa na kila mtu kazini kwetu.

Mapokezi wakanipa karatasi nijaze. Una kisukari? Una presha? Una VVU? Nikaweka alama ya ndiyo. Nilikuwa kwenye dawa tayari, na mnasihi wetu wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, alishatufundisha kwamba daktari hafichwi kitu.

Nesi aliisoma huku akitembea, akasimama ghafla, akaingia kwa daktari. Alipotoka akaniambia, "Dada'ngu, wewe utaingia wa mwisho. Vyombo vyako inabidi vichemshwe vizuri."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakukusudia ubaya, na benchi zima likasikia. Mzee aliyekaa pembeni yangu akakusanya kanzu yake. Huyo nilimsamehe palepale. Kilichonichoma ni lile neno "vizuri".

"Sista, kwani vya hawa wengine vinachemshwaje?"

Kimya. Mama mmoja aliyempakata mtoto ndiye aliyenielewa haraka, akadakia: "Hebu tujibu. Vinachemshwaje?"

Maana ukifikiri, kwenye lile benchi nani alikuwa na uhakika na damu yake? Asiyewahi kupima anapita na vyombo vya kila siku, na mimi ninayemeza dawa asubuhi na jioni ndiye wa kuogopwa! Vyombo vikichemshwa inavyotakiwa, vinamfaa kila mtu. Visipochemshwa, basi pale tulikuwa tunapeana magonjwa kwa risiti.

Nilikaa mpaka jioni. Daktari akatoka ameshavua koti. Mashine imeharibika, akasema, nijaribu hospitali ya serikali. Mashine gani? Jino si linang'olewa kwa koleo? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwishakataza ubaguzi wa namna hiyo, lakini nani ana nguvu za kutaja sheria na taya limefura kama andazi?

Kesho yake, hospitali ya serikali, nikampata tabibu wa meno, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Aliniuliza natumia dawa zipi, CD4 zangu, yaani chembe za kinga ya mwili, zimefika ngapi, na kama huwa natokwa damu kirahisi. Kisha akanigombeza kwa kuliacha jino mpaka likaoza vile. Aliponichoma sindano ya ganzi nikamtania kwamba miguuni ninayo tayari, tena ya bure, maana stavudini tuliyokuwa tukipewa siku zile iliwafanya wengi wetu tusisikie nyayo. Akacheka.

Tukisubiri ganzi ikolee nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa, mwanangu. Nilishajichoma na sindano." Alimeza dawa za kinga siku 28 akitapika, na mgonjwa mwenyewe hakuwa ameandika lolote kwenye faili. Homa ya ini B ndiyo iliyomtisha zaidi. Kati ya watu elfu wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, huambukizwa kama watatu. Kwa homa ya ini, kama hawajachanjwa, wanaweza kufika mia tatu. "Kwa hiyo kila anayekaa kwenye kiti hiki nampigia hesabu kwamba anazo zote mbili. Haya, fungua mdomo."

Gego likatoka. Akanipa pamba niing'ate.

Kwenye kikundi chetu cha wenye VVU nilisimulia yote, nikasisitiza kwamba tuendelee kusema ukweli, kwa sababu ya dawa tunazoandikiwa. Mwenzetu mmoja wa Igoma akaniangalia tu. Baadaye na yeye jino likamsumbua. Akaenda kliniki ileile, akaandika hapana, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshang'olewa, yuko njiani kurudi nyumbani.