Siku moja maishani mwangu: dada wa kazi kijijini Omani, nyumba ina mzazi

Watu wa nyumbani wakisikia nipo Omani wanawaza mambo mawili tu, ama nateswa ama nalala juu ya riali. Mie natoka Tanga, huu mwaka wa tatu nafanya kazi za ndani kwenye kijiji kimoja upande wa Al Hamra, nyumba za udongo za zamani zipo kule juu na maji ya falaji, ile mifereji yao ya zamani, yanapita chini kwenye mitende. Nawaandikia siku yangu ya jana maana nyumba ina mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, na mzazi mwenyewe ni Mzungu wa Glasgow, kaolewa na kijana wa hapa. Sote bado tunamuita bi harusi.

Saa 11 alfajiri nimeamka, nikaswali, nikawasha jiko, mkate, chai ya maziwa, watoto wakapanda basi la shule saa 12 na nusu. Hayo kila siku ndo hayohayo.

Saa 2 chakula cha mzazi. Uwatu, zile mbegu chungu, nauloweka usiku, asubuhi nauchemsha natia samli na asali mpaka uwe mzito, halafu supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga na kitunguu saumu cha kutosha. Siku ya kwanza alinusa ule uwatu akalia machozi kabisa, akaniambia hawezi. Sasa anamaliza bakuli na anapangusa kwa kidole, shuka zake zote zinanukia uwatu nami ndo nazifua.

Huku mwanamke akijifungua anarudi kwa mamake akae siku 40, hafanyi kazi, analishwa, anakandwa. Huyu mamake alikuja wiki moja akarudi Glasgow kazini kwake. Mama wa nyumba akasema basi hapa ndo kwa mamako, na kweli anampenda, ila wa kumuamsha, kumchemshia maji, kumkanda tumbo na kumfunga kitambaa ni mie, navyomfanyia ndo vilevile alivyonifanyia mama yangu pale Tanga nilipomzaa wangu, sijasomea popote.

Mchana nikafua, nikapiga deki majlisi, sebule za wageni, ya wanaume na ya wanawake, nikapika wali na samaki, vyombo, nikalaza mgongo dakika 10.

Sasa alasiri. Ikishaswaliwa tu, kama saa 10 kasorobo, viatu vinaanza kujaa mlangoni. Wanawake wa kijiji wanakuja kumuona mzazi kila siku mpaka magharibi, na jana walikua 23, niliwahesabu kwa finjani. Wanakaa chini wameegemea ukuta, natandika nailoni katikati, matunda kwanza, machungwa na ndizi nimezikata, kisha halwa na tende, bakuli la kunawia, ndo kahawa. Ukitaka kujua kazi yangu shika dele la kahawa masaa mawili. Unasimama umeinama, dele mkono wa kushoto, finjani unatoa kwa wa kulia, unaanza na mkubwa wa umri, humwagi mpaka juu maana kujaza ni kumwambia mtu kunywa uondoke, na unamtazama mkono, asipoitikisa finjani unaongeza, akiitikisa unapokea unaitumbukiza kwenye bakuli la maji. Huyu katosheka, yule kaingia sasa hivi, salamu upya kwa kila mtu, matunda upya. Kiuno changu jana kilikua kinawaka moto.

Bi harusi mwezi uliopita alikua hawezi kabisa, ananiuliza hawa wote wanataka nini, kwao mtu akizaa anaachwa apumzike. Jana alikaa kitako, kajifunga leso yake, anajibu salamu zote kwa Kiarabu cha kijijini na anawauliza habari za mbuzi wao.

Akaingia ajuza mmoja jirani. Anamnyanyua mtoto, kwa nini hajafungwa nguo vizuri, kwa nini mwembamba, maziwa ya mama labda mepesi, na wenzake wanaitikia. Bi harusi kimya. Halafu yule mama akatoa kichupa cha wanja kifuani ampake mtoto machoni. Hospitali walishamkataza, wapo wanja wenye madini ya risasi, na mama wa nyumba mwenyewe anajua, ila hawezi kumwambia mtu mzima mbele ya watu hapana, mie ndo kabisa, mie nimeshika dele. Nikaona kijiti kinachovywa, nikaona mikono ya bi harusi inatetemeka, nikasema hapa atapiga kelele na kijiji hakitosahau.

Hakupiga. Alinyoosha mikono akampokea mtoto taratibu kama anataka kumnyonyesha, akanigeukia akaniambia kwa Kiarabu, sauti ya chini tu, leta udi.

Asiyejua Omani haelewi hilo neno. Chetezo kikishazunguka, hakuna kukaa tena. Niliweka makaa mbio, nikatia udi na ubani, nikaanza na yuleyule ajuza, akajifukiza shela na nywele, akarudisha wanja kifuani bila kinyongo, akasukuma riali moja chini ya godoro la mtoto, akaaga kwa dua ndefu. Dakika 15 chumba kitupu.

Bibi mzee wa nyumba alikua pembeni anatazama yote. Kazaliwa Unguja, waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, wakafika huku Sultani Qaboos alipokwisha kushika nchi, Kiswahili chake cha zamani na wajukuu hawakukipata, kwa hiyo tukiongea ni mie na yeye tu. Akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto wa watu keshakuwa wetu, umemfunza wewe?" Nikamwambia hapana Bibi, kaona mwenyewe. Lakini nilifurahi mpaka nikasahau kiuno.

Baada ya hapo sijui tena masaa. Finjani, sahani, chakula cha usiku, watoto kulala. Nilipofungua simu nikakuta sauti ya mwanangu kutoka Tanga anasema kang'oka jino, nikaisikiliza mara tatu. Bi harusi akaja jikoni na mtoto begani, akakaa kwenye mkeka, tukaisikiliza ya nne pamoja, akaniuliza jino la wapi. La chini, la mbele.

Ilikua siku ya 31, zimebaki 9. Uwatu wa kesho nilishauloweka.