Mwavuli Manchester

Viza ya Uingereza nililipia pauni 115, na hazirudishwi hata ukinyimwa. Nazitaja mapema ili ujue hasira zangu zilianzia wapi. Tiketi alikata dada, muuguzi huko Manchester. Safari yenyewe kutoka Mombasa sina la kuisimulia, ila miguu ilivimba.

Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Wiki tatu kabla ya kuondoka, kila usiku nilijifunika shuka na simu nikijifunza ishara za Waingereza kwenye Spreadthesign, kamusi ya video: unachagua nchi, unaandika neno, mtu anakuonyesha. Kamusi ni bure, lakini bando lilinikomba. Nilikariri choo, basi, bei gani, nimepotea, na nambari zote hadi mia. Nikajiona nimeiva.

Kilichonisumbua tangu mwanzo ni herufi. Waingereza walitutawala, wakatuachia kuendesha gari upande wa kushoto, lakini herufi za vidole tulizo nazo Kenya ni za Wamarekani, ambao nao walizitoa Ufaransa. Zetu ni za mkono mmoja. Waingereza wanataka yote miwili. Jina langu, Amina, kwao ni hivi: gusa dole gumba la kushoto, laza vidole vitatu kiganjani, gusa kidole cha kati, laza vidole viwili, rudi kwenye dole gumba. Kwenye feri ya Likoni nashika kikapu cha samaki kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nakutajia majina ya ukoo mzima. Kule ukishika kikapu umezibwa mdomo.

Siku ya nne dada alikuwa zamu, nikatoka peke yangu kwenda mjini. Mvua ya kule hainyeshi ikaisha kama yetu. Inakaa tu hewani siku nzima. Nikanunua mwavuli pauni 12, zaidi ya shilingi elfu mbili, na kitambaa chake chepesi kama mfuko wa sukari. Saa kumi na moja jioni nimesimama Piccadilly Gardens, simu imezima, mabasi ya njano yanapita, na mimi sijui la kwenda Chorlton, mtaa wa dada, ni lipi.

Ndipo nikamwona mzee amesimamisha simu yake kwenye ukingo wa kibanda cha basi, anaongea na mtu kwa mikono. Nilitamani kulia. Nilingoja amalize, nikamsogelea, na hapo ndipo nikakumbuka kamusi haikuniambia mzee anaamkiwaje. Nikapunga mkono tu kama mtoto. Nikaanza kumtajia jina langu, mwavuli ukaniponyoka ukamgonga begani. Akacheka, akaukunja, akauegemeza ukutani. Upepo ukaleta mvua mpaka ndani ya kibanda, tukalowa wote wawili, naye anarudia herufi zangu polepole kuhakikisha.

Nikamuuliza basi la Chorlton. Akanipa nambari. Sikuielewa. Akarudia, nikabaki namkodolea macho, maana niliyoikariri kitandani Mombasa haikufanana na ile hata kidogo. Akaugeukia mvuke kwenye kioo, akaandika kwa kidole: 86.

Kumbe nambari zao hubadilika mji kwa mji, na Manchester ina zake! Mzee akatoa tena simu, akanifungulia BSL SignBank, kamusi ya lugha ya ishara ya Uingereza (ndiyo BSL) ya chuo kikuu cha UCL, London. Neno moja, ishara kadhaa, na sehemu zinakotumika. Akanieleza, nami nikidaka nusu, kwamba walirekodi viziwi 249 katika miji 8, Manchester ikiwemo. Laiti ningeanza na hiyo! Wiki tatu za bando langu nilijifunza lafudhi ya mji nisiokwenda.

Mabasi mawili ya 86 yalipita tukiongea. Akaniambia sheria ya kuitambua lugha yao ilipita 2022 tu. Nikamwambia sisi iko ndani ya katiba tangu 2010, na bungeni ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Akainua nyusi, akaniomba nirudie. Nilirudia kwa majivuno. Sikumwambia kwamba hospitalini nyumbani bado naingia na kijikaratasi nilichoandika mapema, na mama ndiye anayeulizwa naumwa wapi, mimi nimekaa pale pale mwenye tumbo.

La tatu lilipokuja aliniomba jina langu la ishara, lile nililopewa shuleni, la kugusa alama ya shavuni. Nikampa. Akanipa lake. Nikalipa pauni 2, nikakaa dirishani, tukaendelea kuongea kupitia kioo mpaka dereva akaondoa basi.

Dada alinifungulia mlango, akatazama buibui langu lililolowa chapachapa, kisha mwavuli mkavu mkononi. "Sasa huu ulinunua wa nini?" midomo yake ikaniuliza. Nikauweka chini ili nimjibu.