Laki nne na nusu: nirudi kazini au nitulie?

Wadau mambo vipi. Nimepata ofa ya kazi na wala sijafurahi. Kabla sijajifungua mapacha nilikuwa mhasibu, sasa wanangu wanakimbia nyumba nzima, nikaomba kazi ofisi moja huko Posta, katikati ya Dar, wakaniambia mshahara ni 450,000, yaani chini ya ule niliouacha, eti kwa sababu nilikuwa "nimekaa tu nyumbani". Kulea mapacha ndo kukaa tu jamani?

Basi usiku nikashika kalkuleta ya simu. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 10 inakata 45,000, bodi ya mikopo nayo inadai mkopo wangu wa chuo, asilimia 15 inaondoka na 67,500, kodi ya mshahara (PAYE) 10,800, mkononi 326,700. Hapo dada wa kazi anataka laki na simlaumu maana watoto wawili sio mchezo, nauli ya kutoka Mbagala na msosi wa mchana zinakula laki nyingine na ushee, pampasi za usiku bado sijazigusa.

Mama mkwe anasema nibaki niuze vitenge. Baba watoto yeye "utakavyoona wewe tu", jibu linaloniudhi kuliko yote!

Ila kinachonivuta ni kwamba mwajiri naye anachangia NSSF asilimia 10 yake, halafu nikizidi kukaa mwakani si wataniambia laki tatu? Nimewajibu nataka 600,000 au siku mbili kwa wiki nifanyie kazi nyumbani. Wamesema watanipigia Ijumaa, wakigoma kwenye yote mawili naenda zangu Kariakoo kuulizia bei ya vitenge.