Kabla ya Makoti, Unyevu na Giza

Majira ya baridi yanakaribia, siku zimeanza kufupika, na mazungumzo yote sasa ni makoti na mablanketi. Sawa, yatahitajika. Ila kwa maoni yangu baridi yenyewe kila mtu anaiona ikija. Kinachotuchosha zaidi ni unyevu unaofungiwa ndani na giza linaloanza mapema. Hivyo viwili hushughulikiwa sasa, madirisha yakiwa bado yanafunguliwa bila kusitasita.

Kwanza upepo unaopenya. Siku yenye upepo, funga kila kitu, washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kandokando ya fremu na chini ya milango. Moshi ukiyumba, hapo pana upenyo. Dirisha linalofunguka hubandikwa utepe wa sponji wenye gundi. Nyufa za fremu isiyosogea huzibwa kwa silikoni. Futa fremu kwa spiriti na uiache ikauke kwanza, kwa sababu utepe uliobandikwa juu ya vumbi au mafuta hubanduka baridi ikiwa katikati.

Matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani kwa makusudi usiyaguse, hasa penye kifaa cha gesi au moto wa kuni. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala huenda asiamke. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi. King'ora cha gesi hiyo kijaribiwe leo, na betri zibadilishwe.

Kama nyumba ina rejeta za maji, yaani vipasha joto vya chumba vinavyopitisha maji ya moto, ziguse zikiwa zimewashwa. Ya moto chini na baridi juu imenasa hewa. Zima mtambo unaopasha maji hayo, acha yapoe, kinga bakuli na kitambaa chini ya vali ndogo iliyo juu pembeni, kisha ifungue kwa ufunguo wake kinyume cha mshale wa saa, robo mzunguko tu. Hewa itatoka kwa mlio. Maji yakianza kutiririka mfululizo, funga. Halafu tazama kipimo cha shinikizo: mifumo mingi iliyofungwa hutaka kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa imepoa. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, kisha mtambo hugoma kuwaka kwa sababu shinikizo limeshuka.

Sasa unyevu. Kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani vyote hujaza hewa mvuke, nao hutua penye ubaridi: kwenye vioo, pembeni mwa dari, nyuma ya kabati. Hapo ndipo ukungu mweusi huanzia. Kipimo kidogo cha unyevu kinasaidia sana. Kikae kati ya asilimia 40 na 60. Ukizidi, fungua madirisha yanayotazamana wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Dirisha lililoachwa upenyo mdogo kutwa nzima hupoza ukuta unaolizunguka, na ukuta uliopoa huvuta mvuke zaidi. Sogeza kabati sentimita 5 au zaidi kutoka ukuta wa nje, na usizime joto kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango cha chini ndani ya nyumba.

Mwilini, tatizo la ngozi ni kinyume chake: ukavu. Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, na upake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Vazi la kugusa mwili lisiwe la pamba ukienda kutembea kwa kasi, kwani pamba hushika jasho na kukupoza. Sufu nyembamba inafaa zaidi. Chanjo ya mafua huchukua takriban wiki mbili kujenga kinga, basi isisubiri wenzako waanze kukohoa. Mbali na ikweta jua la majira haya halitoshi kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku kuanzia vuli.

Akili nayo inahitaji mwanga, na wa asubuhi ndio unaosaidia zaidi. Sebule yenye taa mara nyingi haifiki hata laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati nje, hata mawingu yakitanda, mchana huvuka 1,000 kwa urahisi. Kwa hiyo toka mapema, kabla ya kazi kukumeza. Ambaye huzama katika huzuni kila mwaka majira haya anaweza kutumia taa maalumu ya laksi 10,000, dakika 20 hadi 30 baada ya kuamka, ikiwa mbele kidogo pembeni, bila kuikodolea macho. Ikiwashwa jioni huharibu usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi amwone daktari kwanza.

Na miadi ya kukutana na watu ipangwe sasa, siku na saa vikijulikana, kwa sababu giza likishaingia hamu ya kumpigia mtu simu ndiyo hutangulia kupotea.