Bomba Tulilolipita

Lilikuwa bomba zuri, hilo halijanitoka akilini. Lilisimama pembeni mwa kituo cha mafuta, shingo ndefu, sakafu ya saruji chini yake imesuguliwa, na ukutani kibao cha rangi ya buluu: maji ya kunywa. Mhudumu aliyetujazia mafuta alilionyesha kwa kidevu. "Jazeni na maji kabisa, mbele huko ni mbali." Kaka akanitazama kupitia kile kioo cha kati. Maji yalikuwa idara yangu. Nikageuka kiti cha nyuma, nikaligonga dumu la kwanza kwa kiganja, likaitika kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. La pili likaitika kama ngoma.

"Tunayo ya kutosha," nikasema. "Tutajaza kambini."

Tulikuwa watatu ndani ya pikapu moja kuukuu: kaka yangu mkubwa, mkewe, na mimi. Safari ya wiki tatu, kulala hemani, kujipikia wenyewe, na hiyo ilikuwa siku ya tisa. Kwa siku nane maji hayakuwa habari. Tulichota kwenye vituo vya mafuta, bustani za umma, uwanja wa michezo, na mara moja kwenye makaburi, ambako bomba huwekwa kwa ajili ya wanaomwagilia maua. Pale tulimuuliza mlinzi kwanza, akatuhakikishia ni maji yale yale ya mji. Wifi hakuyapenda. Aliyanywa, lakini alikuwa anayanywa huku amefumba macho.

Wifi ndiye aliyekuwa na daftari. Kila jioni aliandika lita zilizoingia na lita zilizotoka, kama mweka hazina wa kikundi. Hesabu yake ilikuwa lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, kuoga hakumo. Watu watatu, lita 12. Madumu mawili ya lita 20 yanatupa siku tatu na chenji ya lita 4. Kaka alilicheka sana lile daftari. Hoja yake ilikuwa uzito: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tunazunguka na kilo 40 za kitu kinachomwagika bure kwenye kila kona. Siku nane zote alikuwa sahihi, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyebeba yale madumu, nilikuwa upande wake.

Kilomita 160 za barabara ya changarawe, kisha kambi. Tulikuwa tumepanda juu kwenye uwanda wa baridi, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, nyasi za njano hadi macho yanapoishia. Saa kumi jioni tukaegesha. Nikashuka na dumu la pili mkononi, nikalifuata bomba la kambi, nikalikuta limefungwa gunia na mpini wake umeng'olewa. Kwenye nguzo kulikuwa na karatasi ndani ya nailoni: maji yamefungwa hadi msimu wa baridi upite, ili mabomba yasigande na kupasuka. Nilisimama pale nikiisoma mara ya pili, kana kwamba ingebadilika.

Hata hivyo sikuwa na hofu. Dumu la kwanza si lilikuwa limejaa?

Nilipofungua mlango wa nyuma nilisikia harufu ya godoro bichi. Asubuhi ile, baada ya lile bomba zuri, nilikuwa nimelilaza dumu ubavu ili nipate nafasi ya sanduku la vyombo. Lilikuwa dumu lenye koki chini, na koki ile nililaza upande wa sakafu. Nafasi niliipata. Kilomita 160 za mtikisiko zililegeza koki nusu mzunguko hivi, kipete chake cha mpira kikahama kidogo tu, na maji yakatoka tone kwa tone, yakanywewa na godoro la Kaka. Ndani ya dumu yalibaki ya kujaza kikombe kimoja. La pili lilikuwa na lita kama 6.

Sitatia chumvi: hatukuwa tunakufa. Tulikuwa na gari zima na mafuta ya kutosha. Lakini ramani ilionyesha kilomita 210 hadi makazi yanayofuata, barabara mbaya zaidi ya ile, na kurudi nyuma gizani ilikuwa kilomita 160 za aibu. Lita 6 kwa watu watatu ni nusu siku ya daftari la Wifi. Naye hakunisema. Alifungua daftari, akachora mstari, akaandika 6. Ningependa angenisema.

Kaka akaenda kuzunguka vyoo, akarudi anatabasamu. "Nyuma kule kuna pipa la maji ya mvua, limejaa hadi juu."

Tukaenda kuliona. Pipa kubwa jeusi, limefunikwa, na maji yake yanatokea kwenye mpira mmoja tu uliozungushwa kwenye ndoano. Mdomo wa ule mpira ulikuwa unagusa chini. Pembeni kibao chekundu: si maji ya kunywa. Ni pale watu wenye magari ya kulala huja kumwaga vile visanduku vya choo, kisha huvisuuza kwa mpira huo huo, wakiuingiza ndani kabisa.

"Tutayachemsha," Kaka akasema.

"Moto unaua wadudu, Baba Watoto. Hauondoi dawa." Wifi alionyesha chini, kwenye doa la buluu lililokauka juu ya saruji. Dawa ya choo. "Hiyo ukiichemsha unaipunguzia maji tu, yenyewe inabaki."

Kaka alilitazama doa, akautazama mpira, akaurudisha kwenye ndoano taratibu. Tangu siku ile siwezi kuona mpira wa maji hadharani bila kuchungulia mdomo wake. Tuna wa kwetu sasa, wa maji ya kunywa tu, na miisho yake miwili tunaichomeka mmoja ndani ya mwingine ikiwa safarini.

Juu ya kambi, mwendo wa dakika ishirini, kulikuwa na kijito. Chembamba, kinapita kwenye nyasi, maji yake rangi ya majani makavu. Hilo halikunisumbua, maana nilikuwa na kichujio: kile cha mkononi chenye nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, kinachonasa bakteria na vimelea. Nilikinunua kwa ajili ya siku kama ile hasa. Nikakitoa kwenye mfuko wa mlango wa gari, nikakipuliza vumbi, nikampa Wifi akishike nikiteka maji kwa ndoo.

Yeye hushika kitu akasoma maelezo yake. Akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara kumi, akaiwekea tochi.

"Wifi, hiki kililala wapi jana?"

"Mlangoni."

"Na juzi?"

"Mlangoni."

Juzi asubuhi nilikikuta kina barafu ndani. Nilikigongesha kwenye goti, ikadondoka, nikaona yamekwisha. Kumbe karatasi ilisema wazi: kikishatumika kisiachwe kigande. Maji yanayobaki ndani ya nyuzi yakiganda yanatanuka, nyuzi zinapasuka, na huwezi kuona kwa macho wala kuonja kwa ulimi. Maji yatapita vizuri tu, hata kwa kasi zaidi, na wadudu watapita nayo. Wenye uzoefu wanalala nacho ndani ya mfuko wa kulalia. Mimi nilikuwa nalala na simu.

Kwa hiyo tuliteka ndoo mbili za lita 10 kutoka sehemu ya juu, panapotiririka, tukaziteremsha kambini bila kusemeshana. Kaka alibeba moja. Njiani akaniambia, "Mdogo wangu, ile asubuhi ungesema tujaze, ningekuambia tuna haraka." Ilikuwa namna yake ya kugawana kosa, nami niliipokea.

Tuliziacha ndoo zitulie usiku kucha karibu na mlango wa hema, zimefunikwa. Kaka alilala ndani ya gari, amekunja miguu kwenye kiti cha mbele, godoro lake likiwa limeanikwa juu ya paa. Kabla ya hapo alikuwa amepika tambi. Kati ya vyakula vyote alichagua tambi, ambazo zinataka sufuria ya maji halafu unayamwaga! Wifi alimshika mkono juu ya jiko na wakabishana kwa kunong'ona, mwisho wake tambi zikachemshwa kwa lita moja na nusu, na yale maji mazito yaliyobaki tukayanywa kwenye vikombe yakiwa na chumvi. Yalikuwa matamu kuliko tambi.

Alfajiri ndoo zilikuwa na ngozi ya barafu. Niliivunja kwa kijiko. Tope lilikuwa limekaa chini, laini kama unga, na juu yake maji yalikuwa na rangi hafifu tu. Tukayamimina polepole tukiacha theluthi ya chini, tukayapitisha kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kitambaa kiliingia cheupe, kikatoka na ramani.

Kisha jiko. Sikujua kwamba mtungi mdogo wa gesi nao huona baridi. Moto ulikuwa mdogo, wa buluu, unatetemeka kama unaomba ruhusa. Wifi aliuweka mtungi wa akiba ndani ya koti lake kwa nusu saa, tukabadilisha, moto ukapata nguvu. Sufuria yetu ilichukua lita 3. Ya kwanza ilituchukua karibu dakika 25 hadi yakatokota.

"Tayari," Kaka akasema, anataka kuitoa.

"Bado." Wifi alikuwa ameshavua saa ya mkononi. Kwenye nchi ya chini, dakika moja ya kutokota kwelikweli inatosha. Ukipita mita 2,000, maji hutokota kabla hayajafikia nyuzi 100, kwa hiyo unayapa dakika 3. Kaka alisimama na kitambaa cha kushikia sufuria mkononi, anaangalia ule mvuke unavyokwenda na gesi yake. Sijawahi kuona dakika tatu ndefu hivyo. Tulirudia mara nne. Lita 12 kasoro zile zilizopaa.

Mimi nilikuwa na kazi ya koki. Niliifungua yote, nikatoa kipete, nikakiona kina mkunjo upande mmoja, nikakigeuza. Wifi akamimina maji yanayochemka juu ya koki na ndani ya dumu, akasuuza, akamwaga, mara mbili, kwa sababu ile koki ilikuwa imeshinda jana njiani ikigusa godoro. Nilisikitikia yale ya kusuuzia. Sikuthubutu kusema.

Maji yaliyochemshwa yalikuwa na ladha ya kitu kilichokufa zamani na kukauka. Si mabaya, hapana, yalikuwa matupu. Wifi alitufundisha kuyamimina kutoka sufuria moja kwenda nyingine kwa juu juu ili yapate hewa, na akatia chembe ya chumvi. Yakanyweka. Kaka alikunywa kikombe kizima kwa mkupuo, akajifuta mdomo, akasema yana ladha ya gesi ya pesa yake.

Dumu lilisafiri wima siku ile, koki mbele ya macho yangu, limefungwa kamba kwenye kiti kando yangu kama abiria wa nne. Kila shimo la barabara nililiwekea mkono.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nje ya makazi kulikuwa na karakana ya watengeneza barabara, na ndani ya uzio bomba. Kaka alishuka mwenyewe kwenda kuomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya safari nzima. Msimamizi alituambia tuyaache yatiririke kwanza, maana yalikuwa yamekaa kwenye bomba tangu asubuhi. Tukayaacha hadi yakatoka ya baridi. Nikaonja. Nikajaza dumu la kwanza, nikalipindua na kuipapasa koki kwa kidole kikavu, nikajaza la pili, nikajaza ndoo, chupa, birika, hata sufuria. Wifi akachora mstari, akaandika 40, halafu akaongeza kwa maandishi madogo vile vyombo vingine kimoja kimoja.

Tulipoondoka gari lilikuwa zito, linajivuta kwenye mlima. Kaka hakusema neno kuhusu kilo. Kama kilomita 30 mbele, kwenye bustani ndogo kando ya barabara, akapunguza mwendo, akawasha taa ya pembeni, akasimama.

"Vyombo vyote vimejaa, Kaka," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akachukua kikombe chake, akashuka, akakiendea kibomba kilichokuwa pale nyasini, akakifungua, akasubiri kidogo kama alivyoambiwa na yule msimamizi, akanywa.